Spock apewe mpenzi, au aachwe na ukimya wake?

#1 Karabai (Kibirizi)
Habari za jioni wakuu.

Mbalamwezi imekaa, ziwani hakuendeki, kwa hiyo tangu juzi nipo nyumbani. Jana mimi na mdogo wangu tumeangalia Star Trek ya 2009, ile filamu ya chombo cha angani. Ikafika pale Spock, yule ofisa wa chombo anayetoka sayari ya Vulcan, ametoka kupoteza mama yake na sayari yake nzima kwa mpigo, anaingia kwenye lifti, Uhura, ofisa mwenzake, anamfuata na kumbusu. Mdogo wangu akafurahi. Mimi nikaona kama nimeporwa kitu. Tumebishana mpaka jenereta limeisha mafuta.

Msimamo wangu ni huu. Spock ni mtu wa kujizuia, na utamu wake wote upo kwenye kule kujizuia. Nyusi moja ikipanda, unajua ndani kuna kitu kinachemka. Ukimpa mtu wa kumkumbatia, umeshamwaga maji kwenye moto. Tangu tamthilia ya kwanza ya 1966 hakuwahi kupendana na mtu, wakaja hawa wa 2009 wakaona hilo ni pengo, wakaliziba. Halikuwa pengo.

Wanaomjua vizuri, nakosea wapi?

#2 Mgebuka Mkavu
Nimekaa pale, nafuatilia.

#3 Ticha Fizikia (Tabora)
Karabai, hoja yako nzuri lakini hilo la "hakuwahi" si kweli kabisa. Tamthilia ya kwanza ilirushwa 1966 hadi 1969 na humo ndani Spock alipitiwa na mapenzi zaidi ya mara moja.

Kuna sehemu ya 1967 wanafika kwenye makazi fulani, yapo maua yanayotema mbegu kama vumbi. Ukiivuta hewa ile unalegea, unakuwa na furaha. Kuna mwanamke anaitwa Leila aliyempenda Spock tangu zamani, anampeleka kwenye maua. Spock anaonekana ananing'inia kwenye tawi la mti anacheka. Mwishoni Kapteni Kirk anamtukana, anamtukania na wazazi, hasira inafuta ile dawa. Na Spock anakiri kwamba kule ndiko alikoonja furaha kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Halafu 1969 anarudishwa nyuma miaka 5,000 kwenye enzi ya barafu, anampenda mwanamke anaitwa Zarabeth, anakula na nyama ambayo siku zote hali.

#4 Karabai
Ticha asante kwa masahihisho, nimekubali. Lakini umenisaidia bila kutaka. Mara zote hizo lazima kuwe na kisababu: vumbi la maua, barafu ya kale. Waandishi wa zamani walijua kwamba Spock mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, hapendi. Ndiyo maana walimlevya kwanza.

#5 Nesi wa Zamu
"Hapendi" au "hasemi"? Kaka yangu, hayo ni mambo mawili.

Mimi namtazama kwa upande wa Nesi Chapel, yule wa chombo cha Enterprise. Mwaka 1966 anaugua ugonjwa unaofungua kila mtu kifua chake, anamwambia Spock nakupenda, anamshika mikono. Spock anaambukizwa palepale. Anatoka hapo anakwenda kujifungia kwenye chumba cha mikutano analia peke yake, na analia nini? Analia kwamba hakuweza kamwe kumwambia mama yake mzazi kuwa anampenda. Mwaka uliofuata Chapel anampikia supu, anaipeleka mwenyewe kwa mikono yake, Spock anairusha bakuli na yote inapiga ukuta wa korido.

Nimekaa na mwanaume wa hivyo miaka mitatu. Si wa kupiga, si wa kutukana, ni kimya tu. Unaweka chakula anakula, unauliza "kimeiva?" anatikisa kichwa. Nikawa naokota ishara kama mtu anayeokota dagaa waliomwagika mchangani, mmojammoja, napuliza, naweka kwenye ungo. Siku alipohama kikazi ndipo nikaona kwamba ungo ulikuwa mtupu. Kwa hiyo mnaposema ukimya wa Spock ni mtamu, jueni kuna mtu upande wa pili ameshika bakuli la supu.

#6 Asali Mbichi
Dada Nesi pole. Hilo la dagaa mchangani nimelisoma mara mbili.

#7 Mzee wa Stesheni (Tabora)
Wanangu, niseme kidogo. Mimi nilizijua hizi enzi za deki na mikanda, tunaazimana mpaka picha inaingia mvua.

Ile siku ya supu Nesi hajaimaliza. Spock hakuwa na adabu mbaya, alikuwa anaugua. Kwao Vulcan, wanaume kila baada ya miaka kumi damu inawachemka, lazima warudi nyumbani kuoa la sivyo wanakufa. Spock alikuwa amechumbiwa tangu mtoto. Nani kati yenu anaweza kusema hilo hatulijui? Wazee wanakaa, wanakubaliana, mtoto anaambiwa yule ndiye mkeo. Spock alikuwa na mapenzi yake, ila yalipangwa na ukoo. Ninyi mnatafuta mabusu, mwenzenu ana mchumba kwao.

#8 Ticha Fizikia
Shikamoo mzee. Ni kila miaka saba, si kumi. Na uchumba wenyewe ulifungwa akiwa na umri wa miaka saba pia. Binti anaitwa T'Pring.

#9 Mzee wa Stesheni
Marahaba. Saba, sawa. Kumbukumbu imechuja.

#10 Binti Gungu
Mzee, na huyo mchumba wa ukoo alimkataa! T'Pring alikuwa na mtu wake, Stonn. Kwa mila yao mwanamke anaruhusiwa kudai apiganiwe, naye akachagua Kirk ndiye apigane na Spock. Alipiga hesabu kwamba yeyote atakayeshinda, yeye atabaki na Stonn. Spock akadhani amemuua rafiki yake, kumbe daktari alimchoma Kirk sindano ya kumzimisha. Spock anamwachia Stonn yule binti na kumwonya kwamba kupata kitu huenda kusiwe na raha kama ile ya kukitamani.

Kisha anarudi chomboni, anamkuta Kirk mzima. Angalieni uso wake pale. Anamshika mabegani anaita jina lake, meno yote nje. Nikitaka kujua Spock anampenda nani, naangalia hapo.

#11 Kigoma Mwisho wa Reli
Binti Gungu umegusa penyewe. Na 1982, filamu ya pili, Spock anaingia kwenye chumba chenye mionzi kuokoa chombo. Anakufa, kioo kipo katikati, Kirk upande huu ameweka kiganja, yeye upande ule ameweka chake. Viganja havigusani. Nilimzika rafiki yangu wa utotoni mwaka juzi, alifia hospitali tukiwa tumezuiwa kuingia wodini, nikimwona kupitia kidirisha cha mlango. Sijawahi kuiangalia tena ile filamu. Sitaki kuambiwa kwamba mtu huyu maisha yake yana upungufu kwa kuwa hana mke.

#12 Asali Mbichi
Pole sana mkuu. Mungu amlaze pema.

#13 Mwana wa Mwezi (Tabora)
Poleni. Mwangaluka wote.

Mimi naomba turudi kwa Uhura, maana mnamsema kama vile aliletwa 2009 kutoka hewani. Jina lenyewe limetoka kwenye neno letu "uhuru". Kwenye tamthilia ya zamani, aliyoicheza Nichelle Nichols, Uhura ni Mwafrika na Kiswahili ndiyo lugha yake. Kuna sehemu ya 1967 kumbukumbu yake inafutwa, wanamfundisha kusoma upya, akikwama anarukia Kiswahili.

Sasa sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966. Uhura amekaa na Spock kazini, kumepoa, anamchokoza. Anamwambia hebu nisimulie sayari yako inavyokuwa jioni, mwezi ukiwa mpevu. Spock anamjibu: Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hilo halimshangazi.

Siku ya kwanza! Hakuna vumbi la maua, hakuna ugonjwa. Mwanamke anatupa ndoano, mwanaume anajibu jiografia. Hawa wa 2009 hawakuzua, waliokota uzi uliokuwa umelala tangu 1966.

Na sisi watu wa nchi ya mwezi tunamhurumia kijana aliyekulia mahali pasipo na mwezi. Angejifunzia wapi kubembeleza?

#14 Karabai
Mwana wa Mwezi, sayari isiyo na mwezi ndiyo sayari ya mvuvi wa dagaa. Huku kwetu ukiingia mwezi mpevu tunatandika nyavu nchi kavu karibu wiki nzima, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Vulcan tungevua siku thelathini.

#15 Mgebuka Mkavu
Vulcan ni jangwa, Karabai. Utavua mchanga.

#16 Mwana wa Mwezi
Na bei ya dagaa ingeshuka, tungekula Tabora nzima.

#17 Mama Katonga
Bei ya sasa hivi mmeiona lakini? Debe halishikiki. Haya, turudini kwenye mada.

Nina shangazi yangu, sasa ni mtu mzima sana, hakuolewa na hakutaka. Anaanika dagaa wake, ana nyumba, ametusomesha wanne. Miaka yote watu wanamtafutia sababu. Mara alitendwa, mara amerogwa, mara ana siri. Kila harusi anaulizwa "na wewe lini?" Siku moja nikiwa msichana nilimuuliza mimi mwenyewe, akaniambia: "Mwanangu, sikuwahi kusikia njaa hiyo." Akaendelea kugeuza dagaa.

Nilipomwona Spock mara ya kwanza kwenye runinga nikamwona shangazi. Sasa ninyi mnasema amefungwa na mila, mara amejizuia, mara anaona haya. Hakuna hata mmoja anayesema labda hana njaa hiyo. Ndiyo maana mimi namuunga mkono Karabai, ila kwa sababu tofauti na yake. Yeye anataka moto ubaki ndani. Mimi nasema muacheni hata kama hakuna moto.

#18 Nesi wa Zamu
Mama Katonga nakuheshimu, na shangazi yako namheshimu. Lakini Spock analia kwa ajili ya mama yake. Njaa anayo.

#19 Mama Katonga
Ya mama, mwanangu. Si zote ni njaa moja.

#20 Ticha Fizikia
Asiye na njaa kwelikweli ni Data, yule mtu wa kuundwa wa tamthilia ya 1987 hadi 1994. Kuna sehemu ya 1991 anajaribu kuwa na mpenzi, anaitwa Jenna. Data anatafuta ushauri kwa kila mtu chomboni, anajitengenezea programu ya mapenzi, analeta maua, anaigiza hata ugomvi wa kinyumba. Jenna anambusu, anamuuliza unawaza nini. Data anamtajia orodha: hesabu za mwendo wa chombo, kitabu anachochambua, na kiasi cha msukumo anachopaswa kuweka kwenye midomo yake. Jenna anamuaga. Data anaifuta programu, anambeba paka wake.

Kwa hiyo ukitaka kujua Spock ni wa aina gani, msimamishe karibu na Data. Data anajaribu na hawezi. Spock anaweza na anakataa. Anayekataa siku moja anaweza kukubali, na hapo ndipo hadithi ilipo.

#21 Kigoma Mwisho wa Reli
Kwa Data umenena, ila mbona yule paka anambeba kwa upole hivyo? Sina hakika kama hana kitu.

#22 Binti Ujiji
Samahani nimechelewa, nimesoma wote kuanzia juu. Nina jambo linalohusu hiyohiyo ya 2009.

Kaka yangu alikuwa na kibanda cha video huku Ujiji. Mabenchi ya mbao, turubai, jenereta nyuma, mimi nakaa mlangoni nakusanya hela. Tulikuwa na mtafsiri wetu, kijana mmoja ana sauti, anakaa na kipaza sauti pembeni ya runinga. Ikaletwa hiyo. Kwenye lifti pale, Uhura anamuuliza Spock unahitaji nini, niambie. Spock kwa kweli anajibu kwa ukavu kwamba anachohitaji ni kila mtu aendelee kufanya kazi yake vizuri. Mtafsiri wetu hakusema hivyo. Alisema: "Mama yangu amekufa, nishike nisianguke."

Kibanda kizima kikanyamaza. Kulikuwa na wapagazi wa bandarini, watu wazima, wamekaa wameshika magoti.

Baadaye Spock anakwenda kwenye hatari, Uhura anamuaga, na Spock anamshukuru kwa jina lake la kwanza: Nyota. Kirk filamu nzima ametafuta hilo jina asilipate. Mtafsiri akafungua mdomo, akafunga. Hakutafsiri. Neno lilikuwa letu tayari. Wakapiga mayowe mpaka mtu akaanguka na benchi.

Karabai, unasema umeporwa. Mimi nilikuwa mlangoni, niliwaona wanatoka. Hakuna aliyetoka ameporwa.

#23 Mzee wa Stesheni
Binti, huyo mtafsiri wenu alikuwa na akili kubwa.

#24 Karabai
Binti Ujiji, nimekaa na hii habari yako tangu asubuhi. Nakubali "Nyota" ni nzito. Lakini ona, ni nzito kwa nini? Kwa sababu ni neno moja, limetoka kwa mtu asiyetoa. Angekuwa anamwita Nyota, malaika, asali wa moyo tangu mwanzo, nani angepiga mayowe? Na lile la "nishike nisianguke" ni la mtafsiri. Spock hakulisema. Mlilia maneno ya kijana wa Ujiji.

#25 Nesi wa Zamu
Na kijana wa Ujiji aliyatoa wapi? Kwenye uso wa Spock.

#26 Binti Gungu
Kuna na ishara ya vidole ambayo hakuna aliyeitaja. Mwaka 1967 wanakuja baba na mama yake Spock chomboni. Baba Mvulcan, mama binadamu. Wanatembea mbele ya watu, mume ananyoosha vidole viwili, mke anagusisha viwili vyake. Basi, hakuna zaidi. Wamekaa kwenye ndoa miaka na miaka na vidole viwili. Spock amelelewa nyumba hiyo. Anajua mapenzi yanafananaje, ila si kwa namna ya 2009. Mimi kama ni mpenzi apewe, lakini wa vidole viwili. Busu la lifti lilikuwa la watazamaji.

#27 Asali Mbichi
Babu na bibi yangu Urambo walikuwa hivyo. Sijawahi kuwaona wameshikana mikono. Ila bibi asipokuwepo, babu chai hanywi. Anaiweka inapoa, anaimwaga.

#28 Mwana wa Mwezi
Mmeiona ile tamthilia mpya iliyoanza 2022? Spock kijana, yupo na T'Pring, halafu akawa na Chapel. Dada Nesi, hatimaye supu imepokelewa.

#29 Nesi wa Zamu
Niliiona. Nililia kwa furaha. Halafu nikakumbuka kwamba hadithi hiyo inatokea kabla ya ile ya zamani. Maana yake Chapel anayekuja kurushiwa supu ni mwanamke ambaye alishawahi kupendwa naye. Sasa ile sehemu siwezi kuiangalia kama zamani. Sijui kama wamenipa zawadi au wamenizidishia kidonda.

#30 Kigoma Mwisho wa Reli
Hapo ndipo tatizo la kuongeza mapenzi baadaye. Ukichimba msingi mpya chini ya nyumba ya zamani, kuta zinapasuka.

#31 Ticha Fizikia
Au zinasimama imara zaidi. Tulifundishwa kwamba chembe usiyoiona unaijua kwa alama inazoacha. Chapel wa zamani alikuwa na alama bila chanzo. Sasa chanzo kipo.

#32 Mama Katonga
Ticha, si kila kitu ni chembe.

#33 Binti Ujiji
Wapendwa nimerudi. Leo kaka amekutana na yule mtafsiri, siku hizi anatengeneza simu Mwanga. Nikamwambia amuulize kwa nini alibadilisha maneno. Amesema hakubadilisha. Amesema Spock alisema mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa shingo, pale alipolegeza kichwa begani kwa yule dada. Yeye alitafsiri shingo.

Kaka akamuuliza, na "Nyota" mbona ulinyamaza? Akasema siku hiyo alikuwa na mchumba anaitwa Nyota, amekaa benchi la tatu. Aliogopa sauti ingemsaliti.

#34 Mgebuka Mkavu
Alimuoa?

#35 Binti Ujiji
Hapana. Kaka hakuuliza zaidi.

#36 Mzee wa Stesheni
Basi hata yeye alikuwa Spock.

#37 Karabai
Nimeisoma hiyo ya shingo nikairudia filamu. Kweli kichwa kinalegea, tena kidogo sana, na mdogo wangu amenionesha kwa kidole. Bado nasema busu lisingekuwepo, shingo peke yake ingetosha. Mdogo wangu anasema bila busu nisingeiangalia shingo. Hatujaafikiana.

Giza limeingia, leo tunashuka ziwani. Ticha, zile za 1967 unazo? Ya supu na ya vidole viwili.

#38 Ticha Fizikia
Ninazo kwenye flashi. Nimpe nani?

#39 Mzee wa Stesheni
Mwanangu, mjukuu wangu anapanda treni ya kuja Kigoma wiki hii. Niletee hapa stesheni, nitampa mkononi.

#40 Mama Katonga
Akifika aniletee na mimi nimwoneshe shangazi. Na Karabai, ukirudi na dagaa unikumbuke.